Columns: mchezo wa vito ambao mdogo wangu anauona

Huu ni mwezi wa nne nacheza Columns karibu kila jioni, hapa mtaani Umoja, kwenye kompyuta ya mtumba. Mchezo wenyewe ni mkongwe. Jay Geertsen aliuunda mwaka 1989 akiwa kampuni ya kompyuta ya Hewlett-Packard, na Sega, kampuni ya michezo ya video, wakautoa 1990. Sisi tunacheza toleo la Mega Drive, mashine ya michezo ya Sega.

Niliutafuta kwa sababu ya mdogo wangu, ambaye macho yake hayatenganishi nyekundu na kijani. Kabla ya hapo tulikuwa na mchezo wa simu, vigae vya mraba vinavyofanana vyote, tofauti ikiwa rangi tu. "Kaka, hiki ni cha rangi gani?" Kabla sijamjibu kigae kishatua. Matangazo nayo yalikuwa yanamaliza bando. Baada ya siku chache akaacha kuniomba simu, na hilo liliniuma.

Kwenye Columns kila kito kina umbo lake mbali na rangi. Siku ya kwanza aliinamia skrini, kimya, akapanga vitatu kwa mshazari vikatoweka. Hakuniuliza kitu.

Vito hushuka vitatu vitatu vikiwa vimesimama kama nguzo. Huwezi kuvilaza, unavisogeza kushoto au kulia, na kitufe kimoja kinavibadilishia nafasi. Vya aina moja vikikutana vitatu au zaidi, kwa wima, mlalo au mshazari, vinaondoka, na vya juu yake vinaporomoka. Vikiangukia wenzao, navyo vinaondoka. Utamu wote uko hapo! Mshazari ulinichukua wiki mbili kuuzoea, kwa sababu jicho hukimbilia wima kwanza. Uwanja una safu 6 tu kwa upana na vito 13 kwenda juu, kwa hiyo usirundike katikati, nguzo zinakoingilia. Mara mojamoja hushuka nguzo ya ajabu inayometameta: kito itakachotua juu yake, vya aina hiyo vyote vinafagiliwa. Mimi huipeleka mahali palipojaa zaidi.

Muziki upo wa aina 3. Sisi tunachagua ule uitwao Clotho. Viwango vya mwanzo ni vya polepole mno kwa aliyezoea, halafu kasi inapanda na mkono unachelewa.

Mkicheza wawili, tafuteni pedi ya michezo, ile ya vitufe ya kushika mkononi. Kibodi yangu haipokei vitufe vingi kwa pamoja, kwa hiyo tukibonyeza wote wawili, nguzo ya mmoja wetu inakwama, na tumewahi kununiana kwa hilo. Pedi moja ya waya ilitutatulia.

Jana nilikuwa nimejaza hadi karibu na juu, sioni pa kuweka. Yeye alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai. "Peleka kulia kabisa, kaka, kile chenye pembe kiwe chini." Nikapeleka. Viliondoka vitatu, halafu vitatu tena, halafu vinne.