Mashine ya presha nyumbani: angalia maji kabla ya kuangalia bar

Kwenye boksi la mashine ya presha, hii ya kuoshea kwa maji, namba inayoandikwa kwa herufi kubwa ni ya bar, yaani kipimo cha presha: 110, 130, 150. Mnunuzi anaing'ang'ania namba hiyo, muuzaji anaisifia hiyohiyo, biashara inaisha bila mtu kuuliza swali linalohusu zaidi nyumba zetu: maji ya kuilisha hiyo mashine yanatoka wapi, na yanakuja kwa kasi gani? Yangu naitumia nyumbani Kigamboni, imeshapita misimu kadhaa ya masika na bado inafanya kazi kama mpya. Za majirani zilizokufa nimezichungulia kwa fundi zikiwa zimefunguliwa. Karibu zote ziliuawa na maji yaliyoingia, wala si kazi iliyofanyika.

Ninayo Kärcher K4. Karatasi yake inasema wati 1,800, presha ya juu kabisa bar 130, maji lita 420 kwa saa. Nililipa karibu mara mbili ya bei ya mashine ndogo zilizokuwa rafu ya chini yake, na sababu ilikuwa mota.

Mashine nyingi za bei nafuu zina mota ya kaboni, ileile aina ya mota iliyoko kwenye grainda. Inazunguka kwa kasi kubwa, inapiga kelele, na kaboni zake zinalika hadi ziishe. Mota ya induksheni haina kaboni. Inazunguka polepole zaidi, ni nzito, ni ghali, lakini inavumilia kazi ndefu. Kärcher wenyewe wamezigawa hivyo: K2 na K3 zina mota ya kaboni, kuanzia K4 ni induksheni inayopozwa na maji yanayopita. Dukani huhitaji hata kusoma boksi, inyanyue tu. K2 ina kama kilo nne, za induksheni zinapita kilo kumi. Muuzaji akikuambia ni induksheni na wewe unaibeba kwa vidole viwili, weka chini.

Kama kazi yako ni kuosha gari moja mwisho wa wiki, ya kaboni inakutosha kabisa, na kwa kweli hata ndoo na sponji vinakutosha. Simshauri mtu anunue mashine hii kwa ajili ya gari peke yake. Thamani yake nimeiona kwenye pevingi, kwenye ukuta wa fensi unaoota ukijani baada ya masika, na zaidi ya vyote kwenye banda la kuku. Hizo ni kazi za saa nzima bila kupumzika, na mota ndogo huko inachoka.

Sasa maji. Lita 420 kwa saa ni lita 7 kwa dakika. Kabla hujalipa senti, chukua ndoo ya lita 20, weka mpira uleule utakaoutumia kwenye bomba lilelile, fungua mpaka mwisho, tazama saa. Ikijaa ndani ya dakika 2 unapata lita 10 kwa dakika, una akiba ya kutosha. Ikifika dakika 3, mashine ya lita 7 itakuwa inataka zaidi ya inachopewa. Pampu ikikosa maji haisimami, inaendelea kuvuta, na ndani yake vinatokea viputo vinavyopasuka kwa nguvu na kula valvu na sili, zile raba za kuzuia maji kuvuja. Nje utasikia muungurumo unaopanda na kushuka, presha inakuja na kukatika. Watu wengi wakisikia hivyo husema mashine ni mbovu na kuipeleka kwa fundi, kumbe ina kiu.

Nyumba nyingi zetu hazipati presha ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, moja kwa moja; tunategemea simtanki juu ya mnara. Mnara wa mita mbili unakupa takriban bar 0.2 tu. Mashine hailalamiki kwa udogo huo wa presha, tatizo ni njia. Mpira wa nusu inchi uliovutwa kutoka nyuma ya nyumba hadi getini unabana maji njiani, na ule mwembamba wa bei rahisi hujikunja au hujibana ndani wenyewe pampu inapovuta. Mimi nimeweka mpira wa robo tatu inchi, mgumu, mfupi kadiri ya uwezo, na koki yake inatoka kwenye bomba la chini la tangi. Nikitaka kufika mbali nasogeza mashine na waya wa umeme, sirefushi mpira wa kuingiza maji. Wale wenye maji ya kubeba wanaweza kuvuta kutoka kwenye pipa, mradi mashine iwe ya aina inayoruhusu kuvuta na mpira uwe na chujio na valvu ya kuzuia maji kurudi. Kwa mashine yangu maji yasiwe chini yake kwa zaidi ya nusu mita, na mpira ujazwe maji kwanza.

Halafu kuna mchanga. Chini ya kila simtanki kuna tope laini, na tangi likikaribia kuisha ndilo linaloshuka. Fundi mmoja alinionyesha pistoni za pampu ya jirani yangu zilizochubuka. "Kaka, hii imekula mchanga, hapa hakuna dawa." Mashine yenyewe huja na kichujio kidogo cha wavu pale maji yanapoingilia, na nimeona watu wakikitoa ili maji yaingie vizuri. Usikitoe. Kitoe kukisafisha, kirudishe. Mimi nimeongeza chujio kingine cha kuonekana ndani, vile vinavyouzwa kwa ajili ya maji ya nyumbani, na kila ninapomaliza banda la kuku nakifungua kutazama kilichonaswa. Kilichomo humo kingekuwa ndani ya pampu.

Chumvi ni jambo la huku kwetu ufukweni. Visima vifupi karibu na bahari vina maji ya magadi au chumvi kabisa, na ndiyo yaliyopo kwa kazi za nje. Naelewa, nami nayatumia kwenye pevingi. Lakini sifungi mashine ikiwa na maji hayo tumboni. Natenga ndoo mbili za maji baridi, yale ya kunywa, napitisha hadi bunduki, ule mpini wa kurushia maji, itoe maji yasiyo na ladha ya chumvi. Gari na milango ya geti siioshi kwa maji ya kisima hata siku moja, maana chumvi ikikaukia kwenye mikunjo ya bati la chini unatengeneza kutu kwa mikono yako.

Kuwasha na kuzima kuna utaratibu, na huu ndio utunzaji wa kila siku. Unganisha maji, fungua koki, minya bunduki mashine ikiwa imezimwa hadi maji yatoke mfululizo bila kutema hewa. Hapo ndipo uwashe. Ukimaliza, zima, funga koki, minya bunduki tena hadi presha iliyobaki itoke, kisha chomoa umeme. Ukiacha presha ndani, mpira wa presha na oringi, vile vipete vya raba vya kwenye maungio, zinakaa zimevutika usiku kucha. Na kama mashine yako ni ya aina ambayo mota inaendelea kuzunguka hata ukiachia bunduki, usiiache hivyo ukaenda kupiga soga. Maji yaleyale yanazunguka ndani ya pampu, yanachemka, na sili zinaiva. Mashine kama yangu hujizima ukiachia. Ubora mwingine wa kujizima ni kwamba inakupa taarifa: ukiachia bunduki na mota ikawa inashtuka na kuwaka yenyewe kila baada ya muda, kuna mahali panavuja. Anza na oringi ya mpira na ya bunduki kabla hujafikiria pampu. Oringi ni kitu cha pesa ndogo. Zipake grisi ya silikoni, maana baadhi ya raba huvimba zikikutana na mafuta ya petroli.

Presha ikishuka taratibu wakati maji yanaingia vizuri, tazama ncha ya nozeli. Punje moja ya mchanga inatosha. Izime, chomoa, toa mpini wa mbele, pitisha sindano nyembamba kwenye tundu, kisha suuza kinyumenyume.

Umeme nao una mambo yake. Wati 1,800 kwenye volti 230 ni karibu ampea 8, soketi ya kawaida inabeba. Kinachoua ni ekstensheni. Zile nyeupe nyembamba zinazouzwa barabarani ni za kuchajia simu. Waya wa milimita za mraba 1.5 unafaa hadi mita 10, ukivuka hapo hadi mita 30 tumia wa 2.5, na kama umeviringishwa kwenye ngoma uufungue wote, la sivyo unapata joto hadi plastiki inalainika. Jioni umeme ukiwa mdogo, taa zikififia, mimi siwashi kabisa, kwa sababu mota inayong'ang'ana na volti pungufu huchemka. Na uwe na swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Umesimama kwenye maji, umeshika chuma.

Wanaotafuta mtumba wazingatie mambo mawili. Mashine zilizotoka Japani ni za volti 100, za Marekani na Kanada volti 120. Ukizichomeka kwenye soketi yetu zinaungua papo hapo. Zilizotoka Ulaya volti zake zinaendana na zetu, lakini huko kuna baridi ya kugandisha, na mashine iliyoachwa na maji nje wakati wa kipupwe hupasuka kichwa cha pampu, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka. Ufa huo hauonekani kwa macho. Dai iwashwe mbele yako ikiwa na maji, kwa dakika kumi hivi, huku ukitazama chini yake.

Kwenye kazi zenyewe, banda la kuku ndilo lililonishawishi. Kinyesi kilichokauka kwenye saruji zamani tulikikwangua kwa jembe. Sasa naondoa maranda yote makavu kwanza, nalowesha sakafu kwa mpira wa kawaida, naacha nusu saa, kisha napita na nozeli ya kuzunguka. Usiruke hatua ya kulowesha, na vaa barakoa, kwa sababu presha inageuza uchafu kuwa ukungu unaoingia puani. Dawa ya kuua vijidudu inakuja baada ya banda kuwa safi, maana juu ya kinyesi haifanyi kazi yake.

Pevingi zinang'aa, ila presha inafukua mchanga wa katikati ya vitofali. Elekeza maji kwa mlalo, usisimamishe bomba wima kwenye mianya, na pakikauka fagilia mchanga mpya ndani yake. Ukuta wa rangi upige kwa nozeli pana, kwa mbali. Nyavu za madirisha zitoe kwanza. Gari liwe umbali wa sentimita 30 au zaidi, hasa tairi: presha ikipiga ubavu wa tairi karibu inaweza kuliumiza bila wewe kuona, likapasuka baadaye barabarani.

Bati za zamani za asbesto usiziguse kwa mashine hii kwa namna yoyote. Presha inarusha nyuzi zake hewani, na nyuzi hizo zinaua mapafu. Kama nyumba ni ya miaka mingi na hujui paa ni la nini, acha.

Na watoto. Maji ya bar 100 yanapenya ngozi. Kidonda kinaweza kuonekana kama tundu la sindano, huku ndani nyama imejaa maji na uchafu. Likitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, na uwaambie ni maji ya presha. Kwangu bunduki inafungwa kwa kitufe chake kila ninapoiweka chini, na hakuna anayecheza nayo, hata kujipiga maji kwenye mguu wenye buti.

Kwenye maji na umeme haigharimu kama watu wanavyodhani. Nusu saa ya kazi inakula kama lita 210 na chini ya uniti moja ya LUKU. Mpira ulioachwa wazi kwa muda huo unaweza kumwaga mara mbili ya hapo, na pevingi zisitakate.

Ningeinunua tena hii hii. Ila safari hii, kabla ya kutoa pesa, ningemwomba muuzaji aniwekee mezani bunduki ya akiba, mpira wa presha na pakiti ya oringi za mashine hiyo. Duka lisilo navyo linakuuzia mashine nzima, na siku mpira utakapotoboka utaambiwa vifaa vinaagizwa. Mimi ningevuka barabara, nikaulize duka la pili.