Korongo la Ol Njorowa, Hell's Gate: nyota nne, na sababu ya kukosa ya tano

Ninalipatia nyota nne kati ya tano. Korongo hili la Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, Naivasha, halina umbali wa kumtisha mtu. Ugumu wake uko kwenye mikono na nyayo: mteremko wa kuingilia, kisha utelezi wa chini. Anayejiandaa kwa matembezi ya kawaida ya porini hujikuta akiparamia mwamba.

Kutoka Lango la Elsa hadi kituo cha askari ambapo watu hushukia korongoni ni kama kilomita 8. Unaweza kwenda kwa gari, kwa miguu au kwa baiskeli, maana hii ni mojawapo ya hifadhi chache za Kenya zinazomruhusu mgeni kuwapita pundamilia na twiga bila gari. Baiskeli za kukodi zipo nje ya lango, ila zikague kabla ya kulipa. Finya breki ya mbele ukiisukuma baiskeli, kisha ya nyuma peke yake. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali, ubadilishe gia zote. Halafu kiti: kipandishe hadi goti libaki na mkunjo mdogo tu pedali ikiwa chini kabisa. Kiti kilicho chini hutayasikia madhara yake ukienda. Utayasikia ukirudi, kwa sababu njia ya kurudi inapanda taratibu na jua limeshakaza. Nyati nao wapo. Akiwa karibu na barabara, simama mbali umpishe. Kengele ya baiskeli haimhusu.

Korongoni chukua mwelekezi, hata kama wewe ni mzoefu. Hao vijana wa Kimaasai wanajua kingo zipi zimemeguka tangu mvua zilizopita na upenyo upi una maji leo. Kwa kawaida mnashuka, mnafuata njia ya maji katikati ya kuta, mnapita penye chemchemi za moto, kisha mnapanda na kurudi kwa juu. Kubalianeni malipo na urefu wa njia kabla ya kushuka.

Kuta ni za majivu ya volkano yaliyogandamana. Zinapendeza macho, mistari juu ya mistari kama zimefinyangwa kwa mkono, lakini ni laini: kipande ulichokishika vizuri kinaweza kubaki kiganjani. Kwa hiyo geuza uso uutazame mwamba, ushuke kama unashuka ngazi, na kati ya mikono miwili na miguu miwili viungo vitatu viwe vimeshika muda wote. Kosa la kila siku ni kushuka mgongo ukiegemea ukuta. Begi linagota mwamba, linakusukuma mbele, na hapo huna pa kushika. Chupa ya maji na simu viingie begini. Mkono wenye simu si mkono.

Viatu: soli ya mpira yenye meno. Raba za soli tambarare hufaa mjini. Chini kule kanyaga changarawe au mchanga uliolowa, usikanyage jiwe lenye utando wa kijani hata likiwa pana na limekaa kama kibaraza. Ndilo linaloangusha watu.

Chemchemi zinachuruzika kutoka ukutani, nyingine vuguvugu, nyingine za kuunguza kabisa. Asubuhi kukiwa na baridi mvuke unaonekana wazi. Mchana hewa ikipata joto mvuke unafifia, na maji ni yale yale. Usiegemeze kiganja penye unyevu kabla ya kuuliza. Mawe meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika ni kioo cha volkano, na yanakata kama chupa kweli. Yaache yalipo.

Sasa suala la mvua, ambalo ndilo lenye uzito kuliko yote na ndilo lililolikosesha korongo nyota ya tano. Aprili 2012 na tena Septemba 2019 watu walisombwa na mafuriko humu wakafa, na baada ya tukio la 2019 korongo likafungwa. Anga juu ya kichwa chako halitoshi kukuambia lolote. Mvua ikinyesha vilimani, maji yote hukimbilia kwenye mkato huu mwembamba, na penye upana wa mabega mawili hayana pa kutawanyikia. Ukiona kijito kimegeuka rangi ya chai ya maziwa, kinaleta vijiti na majani, au ukisikia mvumo, panda mara moja mahali pa karibu zaidi. Usikimbie kufuata mkondo. Maji yanakuzidi mbio. Wingu likiwa zito juu ya vilima, au askari wakisema njia ya chini imefungwa, baki juu ukingoni. Mandhari ni ya kutosha.

Ingia mapema, hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni, kwa hiyo maliza malipo ukiwa bado na mtandao mzuri. Maji lita 2 kwa kila mtu. Chakula usikiache mezani pale mapumzikoni: nyani wa pale hawaogopi watu, na zipu ya begi wanaifungua kwa utulivu kama wenye mali.