Paja la nguruwe la chumvi: nyama nzuri, maelezo mabovu

Kipande ni cha kilo 2, hakina mfupa, kimefungwa wavu. Nyama ni safi, na mafuta ya juu yana unene wa kidole. Hayo ndiyo yanayoshika asali ya kupaka mwishoni. Ila karatasi yake inasema kiingie ovenini moja kwa moja. Ukiifuata utakula chumvi tupu! Kiloweke usiku kucha, badilisha maji, kisha kichemshe kwa moto mdogo dakika 100. Hapo ndipo ukate wavu; ukiukata mapema nyama inasambaratika. Vua ngozi, chanja mafuta bila kugusa nyama, paka asali vijiko 3 na haradali kijiko 1. Oveni nyuzi 200, dakika 20 hadi 25, jicho lisibanduke: asali huungua ghafla ikawa chungu.