Pampu ya kupima presha ya rejeta: uzoefu wangu na Premio iliyokuwa inakunywa maji

Kifaa chenyewe ni pampu ya mkono yenye geji kichwani, mpira mfupi, na rundo la adapta za alumini za rangi rangi, vyote ndani ya boksi gumu la plastiki. Nimenunua Gerezani, Kariakoo, kwa laki na ushee baada ya kuvutana sana na muuzaji. Haina jina la kampuni yoyote. Nimeitumia kwenye Premio yangu ya 1.5 (NZT240, injini ya 1NZ-FE), na tangu hapo imezunguka kwa majirani na kwa shemeji yangu mwenye Noah, kwa hiyo haya si maoni ya mtu aliyefungua boksi jana.

Gari ilikuwa inapoteza maji, tena kimyakimya. Ndani ya Dar mshale wa temperecha ulikaa pale pale chini ya katikati, hata kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni. Lakini kila nikifungua mfuniko wa rejeta asubuhi, maji yameshuka. Chini ya gari pakavu kabisa. Nikipanda Iringa, ikianza tu kukata kona za mlima Kitonga, mshale nao unaanza safari yake. Gereji moja wakatoa hukumu papo hapo: "Bosi, maji yanapotea na hayadondoki, hiyo gasketi ya hedi imekwenda. Tushushe hedi." Gasketi ya hedi ni ile pakiti inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini. Na kabla ya hapo walitaka kung'oa themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto; kwa mafundi kuing'oa ndiyo dawa ya kila homa.

Sikukubali, kwa sababu dalili hazikuunga mkono maneno yao. Oili kwenye dipustiki ilikuwa safi, hakuna rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe hakuna. Nikiwasha injini ikiwa ya baridi na mfuniko wazi, maji yametulia, hayatoi mapovu. Gasketi ikiungua mara nyingi huacha angalau alama moja kati ya hizo, ingawa si lazima zote. Themostati nayo si adui. Inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na ukiitoa, kompyuta ya gari inaona injini bado ya baridi na kuendelea kuongeza mafuta. Unaishia kulipia petroli huku maji yanapotea vile vile.

Kinachofanya uvujaji wa namna hii usionekane ni presha. Injini ikiwa ya moto, mfumo mzima wa kupozea unabanwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko wa Premio yangu umeandikwa 1.1 (kilo kwa sentimita ya mraba), na kwa geji ya pampu hiyo ni kama psi 16. Presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke kwenye nyuzi 100, yanavumilia mpaka kama 120. Lakini injini ikiwa ya moto huwezi kuchungulia kwa utulivu, na tone likitoka linakaukia kwenye bloku. Ikipoa, presha inaondoka na ufa unajifunga. Ni pancha ndogo ile ambayo fundi haioni mpaka ajaze upepo na kuizamisha tairi kwenye beseni. Pampu hii inakujazia huo upepo gari ikiwa imezimwa, ya baridi, nawe umekaa na tochi yako.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Injini iwe imepoa kabisa, maana mfuniko wa rejeta ya moto unaweza kukubabua uso. Jaza maji hadi juu, funga adapta inayoingia mahali pa mfuniko, piga pampu taratibu mpaka ifike namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako, usizidishe. Ukizidisha kwenye rejeta yenye matenki ya plastiki iliyokwishazeeka, utatengeneza uvujaji mpya. Kisha subiri. Mimi hunywa chai. Mshale wa geji ukisimama robo saa nzima bila kutikisika, uvujaji wa wazi haupo. Ukishuka, zunguka: hosipaipu ya juu na ya chini pale kwenye klipu, mshono wa tenki la plastiki na alumini la rejeta, wota pampu (ile inayozungusha maji ndani ya injini), hosipaipu mbili za hita zinazoingia kwenye ukuta nyuma ya injini. Halafu ingiza mkono chini ya zulia upande wa abiria wa mbele. Zulia likiwa na unyevu wenye harufu tamu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja ndani ya gari, na hapo hata ukilala chini ya injini mwaka mzima hutaona tone.

Kwangu mshale ulishuka polepole, ukafika 10. Hosipaipu kavu, rejeta kavu. Tone lilikuwa linatoka kwenye kijitundu kilicho chini ya wota pampu, ambacho kiwanda kimekiacha makusudi ili sili ya ndani inayozuia maji ikichoka maji yatokee hapo badala ya kuharibu beringi. Pembeni yake palikuwa na ukoko wa waridi, mabaki ya kulanti (maji ya dawa ya rejeta) iliyokauka. Matone yalikuwa yanapeperushwa na mkanda na kukaukia juu ya kinga ya plastiki iliyo chini ya injini, ndiyo maana sakafu ilibaki kavu. Kwenye 1NZ wota pampu iko nje, inazungushwa na mkanda wa alternata, haihitaji kugusa cheni ya taimingi. Kuibadilisha ni kazi ya nusu siku kwa fundi asiye na haraka, na gharama haikaribii kushusha hedi, kuipeleka kuchongwa na kununua gasketi mpya.

Ila kitu kilichonifurahisha zaidi ni kile kiadapta kidogo cha kupimia mfuniko wenyewe. Unaufunga kwenye pampu, unapiga, unaangalia unaachia kwenye ngapi. Wangu, ambao ulibadilishwa gereji na kuitwa mpya, uliachia kabla hata ya kufika psi 7. Hapo ndipo nilipoelewa Kitonga. Maji pungufu, mfuniko mlegevu, na unapanda kwenda kwenye urefu ambako maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mshale lazima upande. Mfuniko ni moja ya spea za bei ndogo kabisa kwenye mfumo huu, na sijawahi kuona fundi wa mtaani akiupima. Wanautazama mpira tu, wanasema mzima.

Sasa kasoro, na zipo. Adapta hazina maelezo ya maana. Kuna kikaratasi chenye majina ya magari ambayo nusu yake hayapo kwenye barabara zetu. Ilinibidi kujaribu moja moja. Kiungio cha mpira na adapta nacho kilikuwa kinapumua kidogo, na hilo ni hatari, kwa sababu utaona mshale unashuka na kuanza kuwinda uvujaji usiokuwepo kwenye gari. Pakaa povu la sabuni kwenye viungio vya pampu yenyewe kabla ya kuiamini. Nilibadilisha oringi, kile kimpira cha duara cha kwenye kiungio, kwa ya mia tano, tatizo likaisha. Geji siiamini kwa namba kamili, lakini kuonyesha kama presha imeshuka au imesimama inatosha.

Tena usinunue ukidhani inatibu kila gari inayochemsha. Shemeji aliniita Noah yake ikiwa inachemsha kwenye foleni na kupoa ikishika mwendo. Pampu ikasimama imara, mshale haukusogea. Tatizo lilikuwa feni, ilikuwa haizunguki. Gari inayochemsha mlimani au kwenye mwendo mkali huku maji yamejaa, tuhumu rejeta iliyoziba kwa kutu au themostati iliyokwama. Na gasketi ya hedi iliyoungua padogo inaweza kukudanganya: geji inashuka, nje pakavu kote. Hapo fungua plagi ukiacha presha ndani, kisha piga starta. Maji yakirukia kwenye tundu la plagi, umepata jibu. Kuna pia kichupa chenye dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta injini ikiwaka, dawa ikigeuka njano ujue gesi ya moshi inaingia kwenye maji. Kinauzwa peke yake, na kwa wasiwasi wa gasketi ningekiamini kuliko pampu.

Baada ya wota pampu na mfuniko mpya nilijaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Watu husema Dar hakuna barafu, kulanti ya nini? Ya kuzuia kutu, jamani, hasa kwa injini ya alumini na maji yetu ya kisima yenye chumvi. Tangu hapo maji hayashuki, na Kitonga napanda na mshale umetulia.

Kwa mwenye gari moja anayetembelea mjini tu, azime kwa jirani. Kwa mwenye Toyota yenye umri, anayesafiri mikoani, au fundi anayeanza, inunuliwe. Ukienda dukani fungasha mfuniko wa rejeta yako mfukoni, ulinganishe na adapta kabla hujatoa hela, na muuzaji akikataa kukufungulia boksi, nenda duka la pili.