Kitabu cha maisha ya mwalimu Lowell Bennion, maoni yangu baada ya kukimaliza huku Mtwara

Wadau wa vitabu, hasa nyie mnaofundisha dini mashuleni, leo naleta maoni ya kitabu ambacho najua wengi hamjawahi kukisikia. Kinaitwa Lowell L. Bennion: Teacher, Counselor, Humanitarian, kimeandikwa na mama mmoja Mmarekani, Mary Lythgoe Bradford, kilitoka 1995. Ni maisha ya mwalimu wa dini wa Wamormoni, wale wafuasi wa kanisa moja lililozaliwa Marekani. Mimi mwenyewe ni Muislamu, nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari hapa Mtwara, kwa hiyo kabla hujaniuliza kitabu hichi kimenihusu nini jibu ndio hilohilo, kinamhusu mwalimu wa dini. Vitabu vya maisha ya mashehe wakubwa vipo, vya maaskofu vipo, ila cha mtu aliyeshika chaki miaka na miaka akiwafundisha vijana wa chuo kikuu kwamba sio lazima uchague kati ya akili yako na imani yako, hicho unakitafuta kwa tochi.

Kwanza upatikanaji. Dukani huku hukipati, nimeulizia mjini hapa nikaambiwa tuna vitabu vya kiada na madaftari, na Dar nako sijabahatika. Shemeji yangu anayeishi nje alikinunua mtandaoni, cha mtumba, akampa mtu aliyekuwa anarudi Dar, pale kikapakiwa kwenye basi la Mtwara kama kifurushi nikaenda kukichukua stendi. Bei ya kitabu chenyewe haiumi, kinachouma ni usafiri kutoka Marekani, umezidi bei ya kitabu. Jalada limechoka kidogo ila kurasa zote zipo na maandishi yanasomeka vizuri hata usiku kwa taa ya sola. Kiingereza chake sio kigumu, mtu aliyemaliza kidato cha sita anakwenda nacho bila kamusi.

Bennion alizaliwa 1908 Salt Lake City, jimbo la Utah, ndio makao makuu ya kanisa lao, lile lililoanzishwa na Joseph Smith 1830. Baba yake Milton Bennion alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Utah, kwa hiyo mtoto kakulia nyumba ya vitabu na ya kanisa kwa pamoja. 1928 akamuoa Merle Colton na wiki chache tu baada ya harusi akaondoka kwenda kufanya umisionari upande wa Ujerumani, mke akabaki nyumbani anamsubiri zaidi ya miaka miwili. Jamani. Ukisoma kurasa zile unamuonea huruma yule dada, na mwandishi hapiti juujuu, anakuonyesha uzito wa hiyo subira. Alipomaliza umisionari mke akamfuata Ulaya, mume akasoma Erlangen, akasoma Vienna, akamalizia Strasbourg, Ufaransa. Na huko huko ugenini wakampoteza mtoto wao wa kwanza, binti mchanga.

Shahada yake ya udaktari (PhD) kaipata 1933 na kazi aliyoandika ilimhusu Max Weber, yule Mjerumani aliyefanya utafiti wa jinsi imani ya dini inavyoongoza watu hata kwenye mambo ya kazi na hela. Wakati ule wasomaji wa Kiingereza walikuwa hawamjui sana Weber, kazi ya Bennion inahesabika kati ya za mwanzo kabisa kumhusu kwa lugha hiyo. Yaani angetaka jina la usomi alikuwa nalo mkononi, angeenda chuo kikubwa popote akawa profesa wa sosholojia akaheshimika. Yeye akarudi nyumbani, nchi ipo kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, na akiwa na miaka 26 hivi akaanza kufundisha dini kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah.

Hapa inabidi nieleze maana huku kwetu hatuna kitu kinachofanana nacho moja kwa moja. Vyuo vyetu vina jumuiya za wanafunzi, za Waislamu na za Wakristo, zinaendeshwa na wanafunzi wenyewe na mlezi mmoja. Wamormoni wao walijenga taasisi ya dini pembeni ya chuo cha serikali, ina jengo lake na walimu wake wa kuajiriwa, kijana anasoma udaktari au uhandisi huku akimaliza anavuka kwenda kukaa darasa la dini kule. Bennion aliiongoza hiyo ya Utah karibu maisha yake yote ya ualimu mpaka 1962, ukitoa kipindi cha 1937 mpaka 1939 alichopelekwa Arizona kuanzisha nyingine. Maswali yanayoletwa na vijana wa sayansi mnayajua, dunia ina umri gani, binadamu katoka wapi, mbona Mungu anaacha mabaya yatokee, na yeye hakuwazima. Walimu wenzangu mnajua ilivyo rahisi kumwambia mtoto kaa chini swali hilo halina adabu.

Darasa lake halikuishia kwenye kiti. Alikuwa anashikilia sana Mika 6:8, kutenda haki na kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu mbele ya Mungu, na ile ya Yakobo kwamba dini safi ni kuwatazama yatima na wajane. Basi akawa anawachukua wanafunzi wa chuo anaenda nao kwa wajane na wazee, wanapaka rangi nyumba, wanasafisha uwanja, wanapeleka kuni na makaa. Nilipofika hapo nikawaza Suratul Maun, inavyomkemea anayeswali huku anazuia msaada mdogo wa jirani, sura ambayo kila mwanafunzi wangu anayo kichwani toka madrasa. Niliweka kitabu chini nikajiuliza ni lini nimewahi kuwatoa nje ya darasa na hiyo sura.

Sasa sehemu iliyonifanya nikeshe. Kwenye kanisa lile ukuhani sio wa mapadri waliosomea seminari, karibu kila mwanaume muumini anaupata, kijana wa miaka 11 au 12 anaanza na ngazi ya chini, akiwa mkubwa anaweza kumwekea mwanae mikono akambariki, ndio heshima ya baba ndani ya nyumba. Na toka karne ya 19, zama za Brigham Young, kiongozi wao wa pili baada ya Joseph Smith, mpaka Juni 1978, wanaume weusi wenye asili ya Afrika walinyimwa huo ukuhani. Wanabatizwa, wanasali, ila ukuhani hapana, na kwenye ibada kubwa za hekaluni Mwafrika awe mwanaume au mwanamke hakuruhusiwa. Zikatungwa na sababu, kwamba weusi wamebeba laana ya Kaini, yule wa Biblia aliyemuua nduguye, na mengine ambayo leo kanisa lenyewe limeyakana. Nimeyasoma hayo nikiwa Mmakonde wa Mtwara, sikuweza kuyasoma kama historia ya mbali.

Bennion alikuwa ndani ya kanisa hilo na mshahara wake unatoka humo humo. Na alikuwa hakubali. Vijana walimuuliza, na yeye hakuona namna ya kuioanisha amri ile na Mungu asiye na upendeleo, akawa anasema hivyo. Hakutoka kanisani wala hakugombana na mtu, alibaki anauliza na anasubiri. Kwa maoni yangu alikuwa mpole mno, ningependa asikike kwa sauti kubwa zaidi na mapema zaidi, na nadhani mwandishi naye angeweza kumbana zaidi hapo badala ya kumwacha apite na sifa ya uvumilivu. Uvumilivu wa mtu ambaye mlango wenyewe haukufungwa usoni kwake na uvumilivu wa aliyefungiwa ni vitu viwili tofauti. Lakini siwezi kumnyima haki yake, wenzake wengi sana walikaa kimya kabisa na hawakulipa gharama yoyote.

Maana gharama ilikuja. 1962 akaondolewa kwenye taasisi aliyoijenga kwa mikono yake, yeye na mwenzake T. Edgar Lyon. Shule za kanisa wakati huo zilikuwa chini ya Ernest Wilkinson, rais wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, na uongozi ulikuwa unataka ufundishaji wa mwelekeo mwingine. Msimamo wake kuhusu watu weusi wengi wanautaja kati ya sababu. Hii sura imeandikwa vizuri kuliko zote, hakuna kelele, anakupa tu mambo yalivyokwenda na wanafunzi wake wa zamani walivyoumia, na wewe msomaji unabaki na hasira zako. Kila mwalimu aliyewahi kuhamishwa ghafla bila maelezo ya maana ataielewa.

Mzee wa watu akavuka barabara. Chuo Kikuu cha Utah kikampa kazi ya kusaidia wanafunzi pamoja na kufundisha sosholojia, akafanya mpaka 1972 akastaafu. Na kustaafu kwake ndio akaanza kazi nyingine, akaongoza baraza la huduma za jamii la Salt Lake, kugawa chakula kwa wasio nacho, kukarabati nyumba za wazee na walemavu. Juu ya hapo toka mwanzoni mwa miaka ya 60 alikuwa na ranchi ya vijana kule Teton Valley, Idaho, kila kiangazi anawapeleka watoto wa kiume wa mjini wakajifunze kujenga, kurekebisha uzio, kuwafanyia kazi majirani wasiojiweza. 1978 katazo la ukuhani lilipoondolewa alikuwa anakaribia miaka 70, na kanisa lilelile lililomtoa kwenye taasisi lilikuja kumpa uaskofu wa kata, yaani kuongoza usharika mmoja wa mtaani, ambao kwao ni kazi ya kujitolea haina mshahara. 1987 Chuo Kikuu cha Utah kikaanzisha kituo cha wanafunzi kujitolea kwa jina lake. Alifariki 1996, mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, kwa hiyo hichi kitabu kiliandikwa mwenyewe akiwa hai, na Bradford alikuwa mwanafunzi wake.

Hilo la mwisho ndio nguvu na ndio udhaifu. Nguvu kwa sababu anamjua, anakupa mtu mwenye nguo za kawaida na gari kuukuu anayependa chakula cha kawaida na maongezi, sio sanamu. Udhaifu kwa sababu anampenda, na mtu anayempenda mwalimu wake hamuulizi maswali yote. Merle kwa mfano, baada ya zile kurasa za mwanzo nilitaka kumsikia zaidi, mume yupo kwa wajane wa watu, yupo ranchi, yupo kwenye vikao, nyumbani nani? Halafu majina ni mengi, kama huijui ngazi ya uongozi wa kanisa lao utachanganyikiwa nani mkubwa kwa nani, mimi nilichukua karatasi nikawa naandika pembeni, nawashauri mfanye hivyo.

Mjomba wangu, mzee wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) aliyestaafu, alikikuta mezani akanitazama. "Mjomba, mbona unasoma ya Wamormoni, umepungukiwa nini?" Nikamwambia, "Shikamoo kwanza mjomba, halafu kaa nikusomee ya wajane." Nikamtafsiria zile kurasa palepale barazani, akasikiliza mpaka akasahau chai, akaniuliza kama huyo bwana alikuwa analipwa kwa kazi hizo. Nikamwambia halipwi. Akasema basi mtu mwema, na tokea siku hiyo akija anauliza kitabu kimefika wapi.

Na kwa vile haya ni maoni ya bidhaa acha niseme imenifaa nini. Baada ya kuimaliza niliongea na mkuu wa shule, nikapata ruhusa, nikawachukua vijana wa kidato cha tatu Jumamosi tukaenda Mikindani kwa bibi mmoja anayeishi peke yake, wakafyeka, wakachota maji, wakasimamisha uzio wa fito uliokuwa umelala. Mzazi mmoja akaja kuniuliza, "Mwalimu, watoto tumewaleta kusoma au kufyeka?" Nikamjibu, "Baba, sura ya Maun wanayo kichwani toka wadogo, mtihani wake ndio huu." Hakuridhika sana ila mwanae kaendelea kuja, na sasa Wakristo wa kidato hichohicho nao wameomba wawemo.

Itikadi za Kimormoni sikubaliani nazo na kitabu hakikunibadilisha hapo, wala hakijaribu. Kama unatafuta kujua Wamormoni wanaamini nini hatua kwa hatua hichi sio chake, utapata vipande tu. Kama wewe ni mwalimu, katekista, ustadhi, mlezi wa vijana, au umewahi kuondolewa kazini kwa kusema unachoamini, kitafute hata kwa shida. Mimi nakipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeibakiza kwa ajili ya Merle na ile sura ya ukuhani.

Nakala yangu naazimisha kwa mtu wa Mtwara mjini au Mikindani anayekuja kuichukua mwenyewe, mkoani siisafirishi maana kikipotea sipati kingine. Na sasa hivi natafuta alichokiandika Bennion mwenyewe 1959, Religion and the Pursuit of Truth, mwenye nacho awe Lindi, Masasi au Ndanda aniandikie tubadilishane.