Orthanc ya Debian: nimekaa nayo miaka mitatu, sasa niwaambie

Wakuu, kuna watu wawili wameniuliza wiki hii kuhusu seva ya kutunzia picha za ultrasaundi na eksirei, nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja niandike hapa kwa urefu. Mi natumia Orthanc, na siijengi mwenyewe, nachukua ile pakeji iliyomo ndani ya Debian (aina mojawapo ya Linux), unaandika apt install orthanc imeisha. Nimeifunga kwenye kliniki mbili, moja ina ultrasaundi tu, nyingine ina ultrasaundi na eksirei ya dijitali.

Kwa asiyeijua, Orthanc ni programu ya bure iliyoanzia hospitali ya chuo kikuu cha Liège kule Ubelgiji, aliyeianzisha ni Sébastien Jodogne na ilitoka hadharani 2012. Inapokea picha za DICOM (muundo wa picha unaotumiwa na mashine za hospitali) kutoka kwenye mashine, inazitunza, na dokta anazifungua kwa brauza. Ni nyepesi, inakimbia hata kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Hayo yote yanasemwa sana. Mi nataka kuisifia kwa kitu ambacho watu hawakisemi kabisa, nacho ni mahali inapoweka mafaili yake.

Nina sababu ya kujali hili. Kuna sehemu niliitwa kusaidia, aliyefunga mfumo kabla yangu aliweka kila kitu kwenye folda moja chini ya akaunti yake mwenyewe, programu humo, setingi humo, picha za wagonjwa humo humo. Akaacha kazi, akaja mwingine akafanya usafi akafuta akaunti za wafanyakazi walioondoka, na folda la home likaenda na akaunti. Mimi nimefika pale, mama mmoja amekaa kwenye benchi na bahasha yake, amekuja kufuatilia uvimbe, dokta anataka alinganishe na picha ya mwaka uliopita ajue umekua au haujakua, na hakuna cha kulinganisha. Ilibidi waanze moja. Yule aliyefuta wala hakufanya ubaya, nani angejua picha za wagonjwa zinaishi kwenye akaunti ya mtu?

Sasa pakeji ya Debian inafata ule mpangilio wa mafaili wa Linux uliokuwepo tangu 1994, toleo linalotumika sasa ni 3.0 la 2015. Programu yenyewe iko /usr/sbin/Orthanc, plagini ziko /usr/share/orthanc/plugins, setingi zote ni mafaili ya json (maandishi ya kawaida) ndani ya /etc/orthanc, logi /var/log/orthanc, na picha ziko /var/lib/orthanc/db-v6. Na seva inaendeshwa na yuza wake anaitwa orthanc, sio akaunti ya binadamu yeyote. Maana yake mtu yeyote anayeijua Debian akija kesho, hata hajawahi kusikia neno DICOM, anajua pa kutazama. Vya /usr ni vya pakeji, ukivipoteza unavishusha tena. Vya /etc ni maamuzi yako wewe. Vya /var/lib ni vya mgonjwa, havipatikani popote pengine duniani. Bakapu yako inajipanga yenyewe hapo.

Ukiingia db-v6 usishtuke. Utakuta mafolda yana majina ya herufi mbili mbili, mfano f7, ndani yake tena a3, ndani yake faili lenye jina refu la namba na herufi linaloanza na f7a3. Hutaona jina la mgonjwa kwenye jina la faili lolote. Anayejua faili gani ni la nani ni faili moja linaitwa index, ni databesi ya SQLite, liko humo humo. Kwa hiyo ukichukua bakapu simamisha seva kwanza, nakili picha na index kwa pamoja, ndo uiwashe. Ukinakili huku inapokea picha, index na picha zinaweza zisiendane. Mi nafanya saa nane usiku kwa kron (kinachoendesha amri chenyewe kwa saa uliyopanga), dakika chache tu.

Haya, malalamiko, kwa sababu yapo.

La kwanza, /var/lib kwa kawaida iko diski moja na mfumo wenyewe. Picha moja ya kifua ya eksirei ya dijitali inafika MB 10 hivi, na wenye siti skani mjue kipande kimoja ni nusu MB na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vipande 400, hiyo ni MB 200 kwa mtu mmoja. Ukiwa na SSD ndogo itajaa, na ikijaa sio picha tu zinazogoma, mashine nzima inagoma. Pakeji haikuulizi wakati wa kufunga uweke wapi. Mi nimeacha index kwenye SSD, picha nimezihamishia diski kubwa iliyo /srv/orthanc, unabadilisha setingi ya StorageDirectory (mahali pa picha) na kuiacha IndexDirectory (mahali pa index) ilivyo. Kuhamisha hakuna shida maana index inakumbuka jina la faili, haikumbuki njia nzima.

La pili ndo linaniuma zaidi. Orthanc inasoma mafaili yote ya json ndani ya /etc/orthanc na kuyaunganisha, kwa hiyo nilitengeneza langu, kliniki.json, nikaweka StorageDirectory yangu humo ili lile la pakeji nisiliguse. Seva ikakataa kuwaka kabisa, kisa setingi moja imeandikwa kwenye mafaili mawili. Yaani huwezi kuweka lako juu ya la pakeji, lazima ufungue orthanc.json yenyewe ubadilishe humo humo. Matokeo yake ukiapdeti na pakeji imekuja na orthanc.json mpya, inakuuliza ubaki na lako au uchukue jipya, na mtu mwenye haraka akibonyeza Y seva inarudi kuangalia /var/lib. Bonyeza N, jipya litawekwa pembeni na mkia wa .dpkg-dist, ulisome ukiwa umetulia.

Na tafadhali msiandike purge (amri ya kuondoa pakeji pamoja na setingi zake) kwenye mashine yenye picha kabla ya bakapu, nawaomba.

Mwaka jana SSD ya kliniki ya eksirei ilikufa usiku. Nilifika asubuhi na SSD mpya, nikaweka Debian, apt install orthanc, nikaisimamisha, nikarudisha /etc/orthanc na index ya usiku ule, nikaunganisha diski ya /srv. Hapo kuna mtego mmoja, yuza orthanc kwenye mashine mpya anaweza kupewa namba tofauti na ya zamani, picha zote zikawa za mtu asiyejulikana, kwa hiyo piga chown -R orthanc:orthanc (amri ya kubadilisha mwenye mafaili) kote kuwili, /var/lib/orthanc na /srv/orthanc, ndo uwashe. Nikajaribu kwa echoscu localhost 4242, amri ya kuuliza kama seva inaitika kwa DICOM, ikajibu. Fundi wa eksirei akatuma kifua cha mzee mmoja aliyekuwa anasubiri tangu saa mbili, nikafungua brauza pale 8042, ndo poti ya Orthanc ya brauza, picha ipo, na chini yake ile aliyopigwa miezi minane nyuma nayo ipo.

Nyota nne kwa tano. Ya tano wataipata siku kliniki.json yangu itakapokubalika.