Siku nzima ya kujifunza lua, mapigano ya jadi ya Hawaii, kisiwani Oahu

Tulisimamishwa nje ya uwanja kwanza, chini ya mtondoo, mti uleule wa ufukweni kwetu ambao Wahawaii huuita kamani. Mmoja wetu akaimba oli, wimbo wa kuomba ruhusa, wenyeji wakajibu kwa oli yao, ndipo tukaingia. Aliyelelewa kwa hodi na karibu haelezwi zaidi. Kisha tukasalimiana kwa honi: paji kwa paji, pua kwa pua, mnavuta pumzi pamoja.

Lua ni sanaa ya kupigana ya Wahawaii wa asili, ile aliyofunzwa Kamehameha wa Kwanza, mfalme aliyeviunganisha visiwa. Inajulikana kwa kutegua viungo na kuvunja mifupa, na nakiri hicho ndicho kilichonipeleka. Saa nzima ya mwanzo hatukumgusa mtu. Tulikaa magoti yamekunjwa, kiuno chini, mgongo wima, tukihama kushoto na kulia kwa mdundo wa ngoma. Hatua hizo ni ndugu na za hula, dansi yao ya jadi, na waliokuwa wakicheza hula walitupita mbali. Mapaja yaliniwaka moto.

Baadaye mwalimu, mama wa makamo ambaye wote walimwita anti, akanishika kiganja. Hakutumia nguvu. Alikikunja kidogo, akasogea nusu hatua, nami nikajikuta nimepiga goti. Kabla sijainuka alikuwa ameshaanza kunikanda kuanzia kifundo hadi kiwikoni, akitaja kila mshipa na kila mfupa aliougusa. Ukandaji huo ni lomilomi. Akasema anayefundishwa kutegua hufundishwa pia kurudisha, na hakuturuhusu kubadilishana zamu mpaka kila mmoja amkande mwenzake. Nimepita madarasa kadhaa ya karate na judo. Hakuna lililonifanya niujali mwili wa niliyeshindana naye kama hili.

Silaha tulionyeshwa tu: leiomano, rungu bapa lililozungushiwa meno ya papa, na pikoi, kitu kizito kilichofungwa kamba, cha kumnasa adui miguu. Nilipenda zaidi habari ya neno olohe, yaani bingwa wa lua. Maana yake nyingine ni asiye na nywele, kwa kuwa wapiganaji walinyoa miili na kujipaka mafuta ili wasishikike.

Mchana ulikuwa wa michezo. Ilikuwa Novemba, majira ya Makahiki, ambayo huanza Kilimia kinapochomoza jua likizama. Zamani vita vilikuwa mwiko kwa takriban miezi minne, na watu walishindana kwa michezo. Tulicheza haka moa, mapigano ya majogoo: unasimama mguu mmoja, umeshika mwingine, unamsukuma mwenzako atoke kwenye duara. Binti wa miaka kama kumi na miwili alinitoa mara tatu.

Kuna mbinu hazionyeshwi hadharani. Mgeni mmoja alitaka kurekodi video, akakatazwa kwa upole, nami naona ni haki. Sanaa hii ilikaa mafichoni muda mrefu. Miaka ya 1970 Charles Kenn aliwafundisha watu wachache sana, na wanafunzi wake ndio waliokuja kuwafungulia wengine mlango. Kitu kilichonusurika kwa uzi mwembamba hivyo hakirushwi ovyo kwenye simu.

Kasoro zipo. Tulikuwa wengi mno kwa walimu wanne, na kundi letu la nyuma lilisubiri karibu nusu saa bila kusahihishwa. Mazoezi ya viungo yakifanywa vibaya yanaumiza. Kivuli pia kilikuwa haba.

Hakuna kiingilio, ila kila mtu huja na chakula. Nilipeleka maandazi, nikala poi, magimbi yaliyopikwa na kupondwa mpaka yakawa kama uji mzito, yenye uchachu kidogo. Beba maji ya kutosha na kofia, vua saa na pete, na kama goti lako lina jeraha mwambie mwalimu mapema. Watoto wanakaribishwa, na kwao ni siku nzuri kuliko hata kwetu.

Anayetaka kuendelea haandikishwi pale. Huomba mwenyewe, ana kwa ana, kisha hungoja. Nilimwomba anti wakati tunakunja mikeka. Aliniambia nirudi Jumamosi nisaidie kufyeka nyasi za uwanja, na nitakwenda.